Theta (θ) kwa vitendo: kupima mbuyu, kilima, paa na jua la Dodoma

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu θ ni nini, atakujibu haraka: "Ni pembe." Jibu hilo lina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayomkosesha alama. θ ni jina tunalolipa pembe ambayo bado hatujaipima, au ambayo tunataka iweze kubadilika bila kuandika upya hesabu nzima. Jina peke yake haliwezi kukuambia pembe hiyo inaanzia wapi. Anayeitumia ndiye anayepaswa kusema: kutoka mstari upi hadi mstari upi. Karibu kila kosa la θ ninaloliona, kwenye daftari au juu ya kenchi, linatokana na kulisahau hilo.

Mwongozo huu unafanyika nje, chini ya jua. Dodoma inafaa kuliko miji mingi kwa kazi hii. Vilima vya granite vimesimama pekee kwenye tambarare, mibuyu ipo, na mvua zikishakatika mwishoni mwa Aprili anga linakaa wazi kwa miezi. Utahitaji kipima pembe cha mkebe wa hisabati, mrija wa soda, uzi, nati moja, futi kamba na simu yenye kikokotoo.

Kuisoma na kuiandika

Theta ni herufi ya nane ya alfabeti ya Kigiriki, baada ya eta na kabla ya iota. Wagiriki waliichukua kwa Wafoinike, ambao herufi yao ilikuwa duara lenye msalaba ndani. Baadaye msalaba ukapungua, ikabaki nukta au mstari mmoja. Wagiriki walipotumia herufi zao kama tarakimu, theta ilisimama badala ya 9, ingawa ni ya nane, kwa sababu nafasi ya 6 ilishikwa na herufi ya kale iliyokwisha kutoka kwenye alfabeti. Itamke kwa th ya thamani na thelathini. Wataalamu wa fonetiki hutumia alama hiyohiyo, θ, kuandika sauti hiyo.

Kwa mkono, chora yai refu lililosimama, kisha mstari mmoja wa mlalo katikati, unaogusa kuta zote mbili na usitoke nje. Mstari ukitoka nje kwa mshazari umeandika Ø, ambayo kwenye michoro ya ujenzi ni kipenyo: Ø12 ni nondo ya milimita 12. Ukisimama wima na kupenya juu na chini, hiyo ni fai (φ), na fai nayo hutumika kwa pembe. Usipoandika mstari kabisa, msahihishaji ataona sifuri. Theta kubwa, Θ, haiwakilishi pembe kwa kawaida, kwa hiyo usiitumie kwa ajili ya kupamba swali.

Kwanza amua mstari wa kuanzia

Kabla ya kupima chochote, chora mistari miwili inayokutana, kisha uchore upinde mdogo unaogusa yote miwili na uandike θ ndani yake. Upinde unaogusa mstari mmoja tu hauna maana.

Kazi za mitaani zina mistari mitatu ya kuanzia. Paa, ngazi na kimo cha mti hupimwa kutoka mlalo, yaani mstari wa pima maji. Jua linaweza kupimwa kutoka mlalo au kutoka wima, mstari wa timazi, na vitabu havikubaliani, kwa hiyo soma maelezo kabla ya kunakili hesabu. Mwanga unaogonga kioo au maji hupimwa kutoka mstari unaosimama kwa nyuzi 90 juu ya uso wenyewe. Pembe ileile, mwale uleule, inaweza kuwa nyuzi 30 kwa mmoja na nyuzi 60 kwa mwingine, na wote wawili wakawa sahihi.

Tengeneza kipimo chako

1. Geuza kipima pembe ili upande wake ulionyooka uwe juu na nusu duara iwe chini.
2. Bandika mrija kwa gundi ya karatasi sambamba na huo upande ulionyooka.
3. Funga uzi kwenye tundu la katikati, na nati iwe chini yake. Uzi upite nje ya nusu duara.
4. Tazama kitu kilicho mbele kwenye usawa wa jicho. Uzi ukisimama kwenye 90, chombo kiko sawa. Usiposimama hapo, legeza mrija na uurekebishe.

Ukiinua mrija kutazama juu, uzi unabaki wima na unaonyesha namba nyingine, tuseme 55 au 125, kutegemea upande uliosimama. θ siyo namba hiyo. Uzi unakuonyesha wima, na wewe unataka pembe kutoka mlalo, kwa hiyo θ ni tofauti kati ya namba hiyo na 90: hapa ni nyuzi 35.

Upepo wa Dodoma, hasa kati ya Julai na Septemba, utayumbisha nati ndogo. Tumia nati nzito zaidi, au msaidizi auweke uzi kidole pale unapotulia ndipo asome. Watu wawili wanafanya kazi hii vizuri kuliko mmoja: mmoja atazame, mwingine asome. Na usitazame jua kwa mrija huo hata kwa sekunde moja. Jua tutalipima kwa kivuli.

Mbuyu: kimo kwa tanjenti

Kwenye pembetatu mraba, tanjenti ya θ ni upande unaotazamana na θ ukiugawa kwa upande wa chini unaoungana na θ. Ukisimama mbali na mti, upande wa chini ni umbali wako hadi kwenye mti, na upande unaotazamana na θ ni sehemu ya mti iliyo juu ya jicho lako. Basi:

kimo = umbali × tan θ + kimo cha jicho

Thamani zitakazokutosha kwa kazi nyingi ni hizi: tan 5° = 0.087, tan 10° = 0.176, tan 15° = 0.268, tan 20° = 0.364, tan 25° = 0.466, tan 30° = 0.577, tan 35° = 0.700, tan 40° = 0.839, tan 45° = 1.

Mbuyu una mtego wake. Umbali unaohitajika unaishia katikati ya shina, na futi kamba inaishia kwenye gome. Kwa mwembe utapoteza sentimita chache, lakini mbuyu mnene unakula zaidi ya mita. Zungusha futi kamba kwenye shina, ugawe mzingo kwa 6.28, upate nusu ya unene. Mzingo wa mita 9.4 unatoa mita 1.5. Kama kutoka kwenye gome hadi ulipo ni mita 18.5, umbali wako ni mita 20. Uzi umekupa θ ya nyuzi 35, na jicho lako liko mita 1.6 juu ya ardhi: 20 × 0.700 = 14, ongeza 1.6, mbuyu una mita 15.6.

Pima wakati wa kiangazi, mbuyu ukiwa umepukutisha majani. Wakati wa masika utalenga ukingo wa matawi yaliyo upande wako ukidhani ndiyo kilele, na kimo kitakuwa kikubwa kuliko ukweli. Kama mti umesimama kwenye bonde na wewe uko juu, achana na kimo cha jicho. Pima pembe ya kwenda juu hadi kileleni, kisha pembe ya kwenda chini hadi kwenye mizizi, utafute tanjenti zote mbili, uzijumlishe, na uzidishe kwa umbali wa mlalo.

Sasa kikokotoo cha simu. Vingi vina hali mbili za kusoma pembe, nyuzi na radiani (kizio kingine cha pembe), zikiandikwa DEG na RAD. Ukiwa kwenye RAD, tan 35 inatoka 0.474, na mbuyu wetu unakuwa mita 11. Jibu hilo halishangazi mtu, na hapo ndipo hatari ilipo: mbuyu wa mita 11 upo duniani. Kabla ya kila kazi andika tan 45. Ikitoka 1, endelea. Ikitoka 1.62, badilisha hali.

Kilima usichoweza kufika katikati yake

Kilima kama Imagi, au miamba ya Mlimwa, hakina shina la kuzungushia futi kamba. Sehemu iliyo chini kabisa ya kilele imo ndani ya jiwe. Hapa unahitaji pembe mbili, na ndipo herufi moja inapozaa θ₁ na θ₂.

Simama kwenye ardhi tambarare, pima θ₁. Tembea kwa mstari ulionyooka kuelekea kilele hadi umbali d ulioupima kwa futi kamba, kisha pima θ₂. Kimo juu ya jicho lako ni:

d × tan θ₁ × tan θ₂ ÷ (tan θ₂ − tan θ₁)

Tuseme ulipata nyuzi 20, ukasogea mita 60, ukapata nyuzi 25. Juu ya mstari una 60 × 0.364 × 0.466, karibu 10.18. Chini una 0.102. Kilima kina karibu mita 100 juu ya jicho lako.

Usitangaze jibu bado. Kama θ₂ ilikuwa nyuzi 24 na wewe ukasoma 25 kwa sababu ya upepo, kimo halisi ni karibu mita 120. Kama ilikuwa 26, ni karibu mita 86. Nyuzi moja tu, ambayo kipima pembe cha plastiki kinaikosea kwa urahisi, inakupeleka kutoka 86 hadi 120. Sababu iko kwenye ule mgawanyo: tan θ₂ toa tan θ₁ ni namba ndogo, na kosa dogo kwenye namba ndogo unayogawia linakuwa kubwa kwenye jibu. Dawa yake ni kuongeza d. Anza mbali sana, malizia karibu kadiri unavyoweza, ili pembe mbili zitofautiane kwa nyuzi 10 au zaidi. Rudia kila pembe mara kadhaa na utumie wastani. Njia hii inashushwa hadhi bure na watu walioijaribu kwa d ya hatua 20.

Paa

Fundi mzoefu hatamki theta. Atakuambia kenchi inapanda mita moja na nusu kwenye nusu ya nyumba yenye mita nne, na hapo ameshaieleza pembe kikamilifu: tan θ = 1.5 ÷ 4 = 0.375, yaani nyuzi 20 na nusu hivi. Mwenye nyumba anayekuja na picha ya mtandaoni akitaka "paa la nyuzi 45" ndiye anayehitaji hesabu, kwa sababu anayelipia bati ni yeye.

Urefu wa mteremko ni nusu ya upana wa nyumba ukiigawa kwa kosaini ya θ (cos θ), yaani upande wa chini unaoungana na θ ukiugawa kwa upande wa mteremko. Kwa nusu ya mita 4, bila kuhesabu sehemu inayotokeza nje ya ukuta: nyuzi 20 zinahitaji mita 4.26, nyuzi 30 zinahitaji 4.62, nyuzi 45 zinahitaji 5.66. Kutoka 20 hadi 45 unaongeza bati kwa karibu theluthi moja, bila kuongeza hata chumba kimoja chini yake, na mbao za kenchi nazo zinaongezeka. Ukipita maeneo ya Ilazo au Kisasa hapa Dodoma utaona mapaa mengi yaliyopanda hivyo. Yanapendeza, sikatai, ila mtu afanye hesabu kabla ya kumlaumu fundi kwamba bati hazikutosha.

Kupima paa lililokwisha ezekwa, weka pima maji ya mita moja mlalo, ncha moja ikigusa bati. Kutoka ncha ya pili pima kwa wima hadi kwenye bati. Sentimita hizo ugawe kwa 100, ndiyo tan θ. Kugeuza tanjenti kuwa nyuzi, tumia kitufe cha tan⁻¹.

Jua la utosi na fito ya mita moja

Hapa tunabadilisha mstari wa kuanzia. θ sasa itapimwa kutoka wima: nyuzi 0 maana yake jua liko utosini kabisa.

1. Simika fito ya mita moja kwenye sakafu iliyonyooka, uihakikishe kwa timazi.
2. Kuanzia saa 6:10 mchana, weka alama kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika tano, hadi saa 7:10.
3. Alama iliyo karibu zaidi na fito ndiyo adhuhuri halisi ya Dodoma. Mstari kutoka kwenye fito hadi kwenye alama hiyo ni kaskazini na kusini ya kweli.
4. Urefu wa kivuli hicho kifupi kuliko vyote, kwa mita, ndiyo tan θ.

Usishangae kivuli kifupi kutotokea saa sita kamili. Saa yetu inafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo haipiti Tanzania. Dodoma iko kwenye nyuzi 35 na robo tatu hivi. Tofauti ni nyuzi tisa na robo, kila moja ni dakika 4, kwa hiyo adhuhuri yetu huangukia wastani wa saa 6:37. Kutokana na namna dunia inavyolizunguka jua, inasogea mwaka mzima: katikati ya Februari hufika karibu saa 6:51, mwanzoni mwa Novemba hurudi karibu saa 6:21.

Dodoma iko nyuzi 6.17 kusini mwa ikweta, na kivuli kitakuthibitishia. Tarehe 20 au 21 Machi, na tena 22 au 23 Septemba, jua liko juu ya ikweta, kwa hiyo θ ya adhuhuri ndiyo latitudo yako yenyewe. Fito ya mita moja itatoa kivuli cha karibu sentimita 11 kikielekea kusini. Mwezi Juni, tarehe 21, θ ni nyuzi 29.6 na kivuli ni sentimita 57, bado kusini. Karibu na 22 Desemba jua limehamia upande wa pili: θ ni nyuzi 17.3, kivuli ni sentimita 31, kikielekea kaskazini. Na mara mbili kwa mwaka, karibu na 5 Machi na 9 Oktoba, jua linapita utosini na fito haina kivuli cha kutajwa. Ya Oktoba ndiyo ninayoipendekeza kwa shule, maana Machi mawingu ya mvua hukuharibia siku.

Paneli ya sola ilale kwa nyuzi ngapi?

Ukishakuwa na namba hizo, swali hili linajijibu. Mwanga unaoingia kwenye paneli unapungua kwa kosaini ya pembe kati ya miale na mstari unaosimama kwa nyuzi 90 juu ya paneli. Paneli iliyolala kabisa adhuhuri ya Juni inapata kosaini ya 29.6, yaani asilimia 87 ya kile ambacho ingepata ikilitazama jua moja kwa moja. Ya Desemba inapata asilimia 95.

Ukiinamisha paneli nyuzi 10 kuelekea kaskazini, Juni inapanda hadi asilimia 94 na Desemba inashuka hadi 89. Mwaka mzima unakuwa karibu sawa, na faida kubwa iko kwenye vumbi: paneli iliyolala bapa inatuamisha maji na matope kwenye ukingo, na vumbi la Dodoma halihitaji kuelezwa. Nyuzi 10 hadi 15 kuelekea kaskazini zinatosha.

Kosa la kuepuka ni kunakili pembe za video za Ulaya, ambako paneli husimama nyuzi 35 au zaidi. Hapa, nyuzi 35 kuelekea kaskazini zinakufanya adhuhuri ya Desemba uwe na pembe ya nyuzi 52.3, na unabaki na asilimia 61. Pembe ya mwinamo inafuata latitudo, na latitudo yetu ni ndogo.

Kuipima dunia kutoka Dodoma hadi Babati

Hili ni zoezi la shule mbili zenye simu. Babati iko karibu kaskazini kabisa mwa Dodoma: zote ziko karibu longitudo ya nyuzi 35 na robo tatu, kwa hiyo adhuhuri yao inafika pamoja. Eratosthenes, aliyekuwa mkuu wa maktaba ya Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alitumia wazo hilohilo huko Misri. Jua lilipokuwa utosini Syene, Aswan ya leo, yeye alipima nyuzi 7.2 Alexandria, akasema umbali kati ya miji hiyo ni sehemu moja ya hamsini ya mzingo wa dunia.

Sisi hatuhitaji jua liwe utosini kwa yeyote. Siku moja, adhuhuri moja, Dodoma wapime θ yao na Babati wapime yao, kisha mtoe. Latitudo za miji hii zinatofautiana kwa nyuzi 1.95. Umbali uwe wa mstari ulionyooka, ambao ramani ya simu itakupa, karibu kilomita 216. Wa barabara inayopitia Kondoa ni mrefu zaidi na utaharibu hesabu. Mzingo wa dunia ni 360 ÷ 1.95 × 216, karibu kilomita 39,900. Mzingo halisi unaopita kwenye ncha za dunia ni karibu 40,000.

Ugumu uko kwenye ncha ya kivuli. Jua lina upana wa karibu nusu nyuzi, kwa hiyo ukingo wa kivuli ni ukungu, haukati. Kwa fito ya mita mbili, kosa la sentimita moja ni karibu nyuzi 0.3, na kwa tofauti ndogo kama 1.95 kosa hilo linaikuza au kuipunguza dunia kwa kilomita 6,000 hivi. Badala ya ncha ya fito, weka juu ya nguzo kadi yenye tundu la milimita 5. Shusha timazi kutoka kwenye tundu hadi sakafuni uweke alama, kisha pima kutoka alama hiyo hadi katikati ya doa la mwanga. Doa litakuwa na upana wa sentimita mbili hivi kwa kimo cha mita mbili, lakini kituo chake kinapatikana kwa urahisi. Shule zote mbili zitumie kimo kilekile cha tundu, na zisipeane majibu kabla ya kuandika.

θ nyingine utakazokutana nazo

Kwenye fizikia, kanuni ya mwanga unaopinda ukiingia majini ni n₁ sin θ₁ = n₂ sin θ₂, ambapo n₁ na n₂ ni namba zinazoonyesha hewa na maji vinapinda mwanga kiasi gani, na θ zote mbili zinapimwa kutoka mstari uliosimama juu ya uso wa maji. Kazi inayofanywa na punda anayevuta mkokoteni ni nguvu × umbali × cos θ, ambapo θ ni kati ya kamba na barabara: kamba ikipanda sana, nguvu nyingi inakwenda kuuinua mkokoteni badala ya kuuvuta.

Kwenye kuratibu za ncha, mahali panatajwa kwa umbali r na pembe θ kutoka mstari mmoja maalumu. Ukiingia vipimo vitatu, jihadhari: wanafizikia wengi huita θ ile pembe inayoshuka kutoka mhimili wa juu, ilhali vitabu vingi vya hisabati huiita hivyo ile inayozunguka mlalo. Angalia mchoro wa kitabu chako.

Vitabu vingine vya fizikia huandika θ kwa jotoridi, na wataalamu wa hali ya hewa huitumia kwa jotoridi ambalo hewa ingekuwa nalo ikishushwa hadi kwenye mgandamizo wa kawaida. Takwimu huitumia kwa namba isiyojulikana inayokadiriwa kutokana na sampuli. Mawimbi ya theta ya ubongo ni yale ya karibu mizunguko 4 hadi 8 kwa sekunde. Na Θ kubwa ina kazi kwenye sayansi ya kompyuta: mwaka 1976 mwanasayansi wa kompyuta Donald Knuth alipendekeza itumike kueleza kwamba muda wa programu unakua kwa kasi ileile kama kipimo fulani, juu na chini.

Kuichapa kwenye simu na kompyuta

Kwenye simu, fungua mipangilio ya kibodi, ongeza lugha ya Kigiriki, kisha ubonyeze sehemu ya herufi U. Hapo ndipo θ ilipo, na ukishikilia herufi kubwa unapata Θ. Kwenye Microsoft Word andika 03B8 kisha ubonyeze Alt na X kwa pamoja. Kwa Θ ni 0398. Ndani ya sanduku la milinganyo andika \theta na nafasi. Kwenye LaTeX, programu ya kuchapa maandishi ya hisabati, ni \theta, na \vartheta inatoa umbo la mkato, ϑ, ambalo ni herufi ileile.

Walimu wanaotunga mitihani wana shida moja ya ziada. Mitihani mingi ya zamani ilichapwa kwa fonti ya Symbol, ambayo inaonyesha θ mtu anapobonyeza q. Faili ikifunguliwa kwenye simu isiyo na fonti hiyo, mwanafunzi anaona "tafuta tan q". Kabla ya kutuma kwenye kundi la darasa, tafuta kila q iliyo kwenye fonti hiyo, weka θ halisi badala yake, kisha hifadhi kwa PDF na uifungue kwenye simu nyingine uone kama imebaki.